Mwendo wa Bata

Dereva wetu alikaa kwenye boti Uingereza siku moja tu, kutoka asubuhi mpaka jioni, na siku hiyo aliizungumzia kwa miaka. Wallahi sitii chumvi. Ukimwuliza kama amenunua nyanya, atakwambia kule aliona nyanya zimepandwa kwenye ndoo juu ya paa la boti. Ukimwambia kichwa kinakuuma, atakwambia juu ya yale maji kichwa hakiumi. Mwanzoni nilikuwa namkata kauli. "Dereva, nihurumie, leo sina nguvu za kusafiri."

"Hii safari haitaki nguvu, mama," ananijibu. "Unakaa tu."

Nyumba nzima ya Jeddah tulikofanya kazi ilimwita kwa kazi yake. Madam na bosi walisema "ya sawwag", na watoto walikuwa wakilipaza hilo kutoka dirishani wakitaka kupelekwa dukani. Jina lake halisi nilikuwa nalijua, lakini nikilitamka naona kama namwita mtu mwingine, mtu mwenye suti na mkoba. Basi nikamwita Dereva, naye akaniita mama ingawa ana mabinti wa rika langu. Tukazoeana hivyo.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kurudi kwao Kenya moja kwa moja. Si likizo, kurudi. Nyumba alishajenga, watoto walishasoma wakamaliza. Bosi mwenyewe alimwambia mbele yangu, "Siku utakayosema basi, halas, nakukatia tiketi siku hiyohiyo." Na mkewe alikuwa akimpigia kila Ijumaa kumwuliza anarudi lini. "Baada ya Idi," anajibu. Idi ipi, hasemi, na yule mama naye ana akili zake. Ijumaa moja simu ilikuwa kwenye spika, Dereva anaendesha, nami nimeketi nyuma nasikia kila neno. Mkewe akasema kwa upole kabisa, "Mzee wangu, mimi nimechoka kuolewa na simu." Dereva akasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima.

Kilichomzuia ni boti. Najua inachekesha, lakini ndivyo ilivyokuwa, na ukitaka kumwelewa mtu huyu lazima uanze na hiyo siku yenyewe. Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa mara zisizo na idadi, ndani ya gari, jikoni kwenye kizingiti alipokuwa akija kuchukua chakula chake, na nje ya hospitali tukimngoja Bibi.

Bibi ni mama yake bosi. Mimi niliajiriwa kumwuguza yeye, katika ile nyumba yao ya Al-Hamra, Jeddah. Mimi nilimwita Bibi, Dereva akamwita Hajja. Kiangazi kile walichokwenda Uingereza mimi sikuwa nimefika bado, na Bibi kichwa chake kilikuwa kizima, magoti tu ndiyo yaliyokuwa yamemkatalia. Dereva alichukuliwa akasukume kiti chake cha magurudumu. Aliendesha kiti, anapenda kusema, mwezi mzima London, wala hakupigwa faini.

Mara ya kwanza aliponieleza hiyo boti, aliniambia, "Tulipita kwenye mfereji."

Sasa mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu mfereji ni ule unaoufungua ukakinga ndoo. "Boti kwenye mfereji?" nikamwuliza. "Mfereji upi, wa jikoni ama wa bafuni?"

Akacheka hadi akasimamisha gari. Akanieleza kwamba ni mto uliochimbwa na watu kwa majembe, zamani, wa kupitishia makaa na mizigo, na hauna mkondo, maji imelala tu.

"Maji yamelala," nikamrekebisha.

"Ndio hiyo. Imelala kabisa."

Kiswahili chake cha bara nilishindana nacho mpaka nikakiachia. Maji kwake ni kitu kimoja, hayana wingi, na labda ni kweli ukiyaangalia yakiwa yamelala.

Boti yenyewe alinichorea kwa vidole kwenye vumbi la boneti. Ndefu kama mabasi mawili yamefuatana, lakini upana wake mtu akilala kwa kukingama anagusa pande zote. Imepakwa rangi ya kijani na nyekundu, mlangoni imechorwa maua ya waridi, birika lina maua, hata ndoo ya kuchotea maji ina maua. Mwenye boti alikuwa mzee mwenye ndevu na buti za matope. Aliwafundisha kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Usukani ni mti ulioko nyuma, ukitaka kwenda huku unausukuma kule. Ukipita boti za watu zilizofungwa ukingoni, punguza mwendo usije ukawamwagia chai. Bosi akauliza, mtu akianguka majini je? Yule mzee akamtazama kama kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo.

"Asimame," akasema.

Maji yalikuwa ya kiuno! Dereva alilipenda jibu hilo kuliko kitu chochote alichosikia Uingereza. Akalifanya methali yake. Tairi likipasuka, "ukianguka, simama." Mchuzi ukiungua, "ukianguka, simama." Msichana wa Kitui aliyekuja kufanya kazi nyumba ya jirani alikuwa akilia kila siku nyuma ya ukuta, maana madam wake alimnyang'anya simu, na Dereva akamwambia juu ya ukuta, "Dada, ukianguka, simama tu. Maji ni ya kiuno."

Yule msichana akasema, "Na kama ni ya shingo?"

Dereva alitembea na swali hilo siku kadhaa, chakula anakirudisha nusu, mpaka akaenda kumwomba madam wetu azungumze na jirani yake. Madam alinuna, akasema hayamhusu, lakini akazungumza. Simu ikarudishwa. Dereva akarudi ukutani. "Ikiwa ya shingo," akasema, "piga kelele." Ndivyo alivyokuwa, alikuwa radhi kuikarabati methali yake ikibidi.

Lakini nilikuwa nasimulia habari za boti. Bosi alishika usukani nyuma, akagonga ukingo wa kushoto, akagonga wa kulia, madam ndani anapiga kelele, sufuria la kabsa, wali wao wa nyama, linateleza kwenye meza, watoto wanacheka. Mbele kabisa kulikuwa na nafasi ya viti viwili. Wakamkalisha Bibi na blanketi, na Dereva wakamwambia akae naye amwangalie. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake siku nzima.

"Mama," ananiambia, "mikono yangu sikujua niiweke wapi."

Maana tangu alipokuja Saudia hakuna aliyewahi kumwendesha. Alianza Riyadh, huko Al-Sulay kwenye maghala, akiendesha lori la vigae, na alikuwa akilikimbiza, kwa maneno yake mwenyewe, kama ameliiba. Halafu Jeddah, shule, soko, hospitali, uwanja wa ndege. Sasa bosi wake yuko nyuma anatoka jasho na usukani, na yeye yuko mbele amekunja mikono kwenye mapaja anatazama bata. Wale bata walikuwa wakiogelea sambamba na boti, wala hawaachwi. Akamwambia Bibi, "Hajja, tunakwenda mwendo wa bata." Bibi akacheka mpaka ushungi ukamwanguka.

Kulikuwa na njia ya miguu ukingoni, na ajuza mmoja wa Kizungu anatembeza mbwa wake. Akawapita. Akawapungia mkono. Baadaye akakaa kupumzika, boti ikampita, Bibi akampungia. Akainuka akawapita tena. Wakaenda hivyo asubuhi nzima, wakisalimiana kama majirani, na Dereva alisema katika maisha yake yote ya udereva hakuna siku nyingine aliyopitwa na mtu wa miguu akafurahi.

Kisha wakaingia chini ya mlima. Ndiyo, boti iliingia ndani ya mlima, kwenye shimo refu lililojengwa kwa matofali, giza, maji yanadondoka kutoka juu tone moja moja. Bibi akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Dereva ni Mkristo, akajikuta anavumisha wimbo wa kanisani, taratibu, na zile kuta zikazichukua sauti mbili zikazichanganya zikazirudisha. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Mpaka leo, alisema, hajui ni yeye aliyemfuata Bibi au ni Bibi aliyemfuata yeye. Wakatoka upande wa pili kwenye mwanga na mvua nyepesi, na ng'ombe wamesimama wanawatazama.

Halafu kuna kisa cha kufuli. Hilo ndilo lililomtia aibu, na alikuwa akilisimulia huku amejifunika uso. Maji ya mfereji hayapandi kilima, kwa hiyo Wazungu walijenga vyumba vya maji vyenye malango mbele na nyuma. Boti inaingia chini, malango yanafungwa, maji yanafunguliwa, boti inapanda polepole mpaka inalingana na mfereji wa juu. Kwa Kiingereza chumba hicho ni loki. Bosi alipokiona mbele akapiga kelele kutoka nyuma: "Sawwag! Lock! Lock!"

Sasa wewe fikiria. Huyu ni dereva wa familia Jeddah. Kwa miaka yote madam akisema loki, mkono wake unaenda wenyewe kwenye kitufe, milango minne inafunga kwa pamoja, ta! Dereva akaruka, akakimbia kwenye mlango wa waridi, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni. Madam na watoto wako ndani. Boti inaelekea kwenye lango. Bosi anapiga kelele zaidi, "Lock! Lock!" naye anaonyesha mfuko kwa fahari, "Yes, boss! Lock!" Boti ikalibusu lango, kishindo, kabsa yote chini, na madam ndani anagonga kioo kwa viatu.

Bibi ndiye aliyemwokoa. Alicheka kiasi kwamba bosi aliona haya kukasirika mbele ya mama yake.

Tangu siku hiyo hicho chumba kwa Kiswahili chetu sisi wawili kikawa kufuli. Nilijua maana yake kabla sijajua maana ya nusu ya maneno ya nyumba ile.

Mtu angedhani aliyependa maji hivyo atapenda bahari. Ng'o! Dereva aliiogopa bahari ya Jeddah kama shetani. Tukiwapeleka watoto kupunga upepo pale ufukweni, anaegesha gari limeipa bahari kisogo, anakaa ndani na madirisha amepandisha. "Ile haina ukingo wa pili," anasema. Kuogelea hajui. Hewa baridi ya gari alikuwa akiiweka kali mpaka mimi nachukua shuka la Bibi kujifunika, na nikilalamika ananiambia ndiyo hewa yenyewe ya kule, nisiiharibu. Alikuwa na kofia ya sufu aliyoinunua siku ileile ya boti, anaivaa ndani ya gari, Jeddah, mwezi wa saba! Akishuka anaivua, asionekane mwehu. Lakini kula alikuwa anakula kwa pupa, sahani inaisha kabla sijageuka, hapo mwendo wa bata anausahau. Na uongo mdogomdogo haukumpa taabu. Bosi akipiga simu, Dereva hajavaa hata viatu, anasema, "Niko njiani, bosi, foleni tu." Halafu uongo wake ule mkubwa, ambao kwa kweli sijui kama ni uongo, aliupalilia kila siku alasiri kwa uaminifu ambao sijauona kwa mtu mwingine.

Ulianza hivi. Mwaka niliofika, Bibi alianza kupotea. Asubuhi yuko, anakumbuka hata majina ya mbuzi wa utotoni mwake. Alasiri ikiingia anaondoka. Anabisha mlango wa nje, analia, anataka apelekwe kwa babake, babake aliyekufa zamani hizo. Dawa zilimlaza bila kumtuliza. Nilimkumbatia, nikamwimbia, akaniuma mkono. Madam alikuwa akifunga mlango wa chumba chake asisikie, na simlaumu.

Alasiri moja bosi akasema mtoeni nje azunguke kidogo. Tukampakia. Dereva akaendesha polepole kwenye vile vichochoro vya nyuma ya majumba ya Al-Hamra, chini ya miti, maana kila akiongeza mwendo Bibi anapiga kelele. Bibi akauliza, "Mnanipeleka wapi?" Dereva akatazama kwenye kioo, akasema kwa Kiarabu, "Kwenye boti, Hajja."

Bibi akaacha kulia, akaegemea kiti. Uso wake, subhanallah, ukalegea kama wa mtoto aliyeshiba.

Basi ikawa ndiyo dawa. Kila siku baada ya alasiri tunapanda boti. Dereva anavaa kofia, anashusha kioo, mkono mmoja nje. Gari linatambaa. Paka wanatupita, watoto wenye baiskeli wanatupita. Kuta nyeupe za majumba ndizo kingo, maua yaliyomwagika juu ya kuta ndiyo yaleyale ya mlangoni. Akiona gari limeegeshwa anapunguza zaidi, "tusiwamwagie chai." Tukifika kwenye taa nyekundu au geti la mtu, anasimama, anageuka. "Kufuli, mama," ananiambia mimi. Kwa Bibi anasema kwa Kiarabu, "Tungoje maji yapande, Hajja." Tunangoja. Na mimi mwenyewe, niliyemwona mwehu, siku nyingine nilikuwa nahisi kiti kinaniinua. Nilipenda saa ile. Nilipenda zaidi ya nilivyokubali mbele yake.

Kila baada ya muda Bibi alikuwa akiuliza neno moja, "Lissa?" Yaani, bado?

"Lissa, ya Hajja," Dereva anamjibu haraka. Bado. Kisha ananiambia kwa Kiswahili, "Umesikia? Anaogopa isije ikaisha." Naye anaongeza mzunguko mmoja.

Askari wa barabarani alitusimamisha siku moja, gari limetambaa mpaka limezua mlolongo. Akainama dirishani. "Gari bovu?"

"Hapana, bwana mkubwa," Dereva akasema. "Hii ni boti."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule askari akamtazama, akatazama kofia ya sufu, akanigeukia mimi. Bibi akatoa kichwa kati ya viti akasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Wallahi ni boti." Askari akasimama wima. Akarudi kwenye gari lake, akawasha taa zake za rangi, akatufuata nyuma mwendo wa bata hadi mwisho wa mtaa ili watu wasitupigie honi. Dereva aliikumbuka heshima hiyo kwa siku nyingi.

Sasa unaona kilichomfunga. Kila akiazimia kwenda kwa bosi kusema halas, alasiri inafika, Bibi anabisha mlango, na hakuna mtu mwingine anayejua kuendesha boti. Aliwahi kuumwa homa, bosi akachukua gari mwenyewe. Walirudi mbio, Bibi amekaukwa na sauti, bosi macho mekundu. Nilimwambia Dereva, "Mfundishe mwingine." Akasema, "Kuendesha gari unafundisha. Hii nitafundishaje?" Nikamkasirikia. Nikamwambia mke wa mtu atazeeka kwa ajili ya mama wa mtu. Usiku huo hakuja kuchukua chakula.

Madaktari wa Jeddah wakashauri Bibi apelekwe Riyadh, kwa dada yake bosi, aonwe na wakubwa wao huko. Tukaenda naye sisi wawili. Riyadh barabara zake ni pana, magari yanakwenda kama yanafukuzwa, boti haiwezekani. Bibi akaanza kulia tena. Dereva akazunguka peke yake, akarudi amefurahi, amepata mahali: Al-Shumaisi, mitaa ya zamani, vichochoro vyembamba vya watu wa kazi, nguo zimeanikwa dirisha hadi dirisha, mafundi simu, mikate, wanaume wameketi kwenye vibaraza wakinywa chai. Tukawa tunakwenda huko. Haikuchukua muda wakatuzoea. Mlinzi mmoja wa Kenya alikuwa akituona anasimama kwenye kiti chake cha plastiki na kupaza sauti, "Meli imefika!" Dereva anamrekebisha kila siku, "Boti, ndugu. Si meli."

Tukiwa huko ndipo mkewe alipoacha kupiga simu. Ijumaa ya kwanza Dereva akasema labda hana bando. Ijumaa ya pili akapiga yeye. Simu ikapokelewa, nikasikia sauti ya yule mama, upole uleule. "Mimi sitapiga tena, na sina hasira. Ukifika utapiga hodi. Ukinikuta umenikuta." Ikakatwa. Safari hii Dereva hakusema habari za mtandao. Alivaa kofia, kwa sababu alasiri ilikuwa imefika, akaenda kumleta Bibi.

Tukaingia Al-Shumaisi. Katika kichochoro chembamba kuliko vyote lori la taka lilikuwa limeziba njia. Dereva akasimama, akasema kwa sauti isiyo na kitu ndani, "Kufuli." Akashuka kwenda kuwauliza watu wa lori watachukua muda gani. Nikamwona kwa mbele amesimama mikono kiunoni, mabega yameshuka, mzee. Sikuwahi kumwona mzee kabla ya hapo.

Bibi akanishika mkono. Niliyajua macho yake, siku hiyo alikuwepo mzima mzima.

"Binti," akasema, "huyu mtu atachoka lini na boti yake?"

Kiarabu changu ni cha jikoni, nikadhani nimesikia vibaya. "Boti ya nani, Bibi?"

"Yake. Kila siku namwuliza, bado? Anasema bado. Mgongo unaniuma, kiti hiki mbao tupu. Lakini nimwambie nini? Siku ile Uingereza nilimwona alivyofurahi. Nikasema, masikini, huyu kwetu hapa hana kingine. Basi akisema boti, nami nasema boti." Akanibana mkono. "Usimwambie. Ataumia."

Nilitaka kucheka, nikaona nalia. Nililia kwa hasira, jamani, niliwaonea hasira wote wawili na nikawapenda wote wawili, pale pale, kwenye kiti cha nyuma. Dereva akarudi, akaketi, akanitazama kwenye kioo. "Mama, kuna nini?"

Bibi alikuwa amenikataza. Nikasema hata hivyo. "Dereva, Bibi amechoka na boti. Amechoka zamani. Anakaa kwa ajili yako."

Akadhani namtania. Nikamrudilia neno kwa neno, la mgongo, la kiti, la masikini. Akageuka mzima mzima kwenye kiti chake, akavua kofia.

"Hajja," akasema. "Umechoka?"

Bibi akanikodolea jicho la kwamba nimemwaibisha, kisha akashusha pumzi. "Tangu zamani, mwanangu. Na wewe?"

Dereva akaanza kulia. "Mke wangu ananingoja."

"Wapi?"

"Nyumbani. Kenya."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Hajja."

Bibi akamtazama mwanamume huyu mzima anayelia bila kujificha katikati ya Al-Shumaisi. Kule mbele lori la taka lilikuwa limeshaondoka na njia iko wazi, na nyuma yetu mtu ameanza kupiga honi.

"Basi sisi wawili hapa," Bibi akasema, "tunangoja nini?"

Dereva akafuta uso kwa mkono, akageuka mbele, akatia gia. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaendesha kama watu wote.